Nyuzi Nane, Kazi Nyingi

Mpiga nyatiti akikaa kwenye orindi, kigoda chake kifupi, huwa amejitwika kazi ya watu watano. Chombo kimelala mbele yake karibu na ardhi, na vidole vya mikono miwili vinagawana nyuzi nane. Kidole gumba cha mguu wa kulia kimevishwa pete nene ya chuma, oduong'o, inayogonga mti wa chombo na kutoa mdundo mkavu usiokatika. Mguu huohuo umefungwa njuga, gara, zinazolia kila unapoinuka. Juu ya yote hayo anaimba, na mengi ya anayoyaimba huyatunga palepale kwa kuangalia nani amefika na nani hayupo. Matangani, yeye ndiye atakayetaja ukoo wa marehemu na watoto aliowaacha. Kwenye sherehe, yeye ndiye atakayezinyamazisha nyuzi ili aliyetoa pesa ajisifu katika pakruok, kisha aendelee pale alipoachia. Wajaluo humwita jathum, mtu wa muziki, na ndani ya neno hilo moja wamo mpiga ngoma, mtunzi, mwimbaji, mwanahistoria na mshehereshaji.

Nimeanza na mguu na njuga kwa sababu ipo shutuma inayowafuata wasanii wa Kisumu na mwambao mzima wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Viktoria, wanawake hasa: kwamba hawatulii. Leo anaimba, kesho anaigiza, keshokutwa ni balozi wa shirika fulani, na mwezi haujaisha unasikia ametia sauti yake kwenye filamu ya katuni au ameandika kitabu cha watoto. Husemwa kwamba kipaji kimetawanyika, kwamba sanaa imegeuzwa kibarua. Mimi naona kwamba kazi nyingi ndiyo hali ya kawaida ya mtu anayeishi kwa sauti yake kandokando ya ziwa hili, na kwamba ilikuwa hivyo kabla redio haijafika Kisumu. La kumuuliza msanii ni hili: ulikaa wapi, mbele ya nani, mpaka kitu kimoja kikakuingia mwilini? Akiwa na jibu, anaweza kubadili kazi mara kumi na bado tukamtambua kila anapotokea.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka mbali sana. Eriko Mukoyama alizaliwa Tokyo mwaka 1981. Aliimba muziki wa roki na kujaribu bahati ya uimbaji Marekani, bila kupata alichokitafuta. Katikati ya miaka ya 2000 alifika Kenya akivutwa na muziki wa huku, akaisikia nyatiti, akaifuata hadi kwao: Karapul, Siaya, nyumbani kwa fundi Okumu K'Orengo. Hakwenda kunasa sauti mbili tatu kwenye mashine na kurudi hotelini. Alikaa kijijini, akaishi kama wanavyoishi watu wa boma lile, akajifunza Kijaluo kwa sababu nyimbo zenyewe hazikuwa na mlango mwingine. Alipoiva, fundi alimpa idhini ya kupiga hadharani chombo ambacho kwa desturi mwanamke hakukipiga. Alirudi Japani akiitwa Anyango, jina la msichana aliyezaliwa jua likiwa limepanda, na Nyar Siaya, binti wa Siaya. Tangu hapo ametoa albamu, ametunga nyimbo zake mwenyewe, amepiga nyatiti kwenye matamasha ya kwao na ya ng'ambo, na mwaka 2009 toleo la Kijapani la jarida la Newsweek lilimtaja miongoni mwa Wajapani 100 wanaoheshimiwa duniani. Mwimbaji wa roki, mwanagenzi wa kijijini, mtunzi, mtu wa kuunganisha nchi mbili: ukizitazama kazi hizo kutoka Tokyo, ni vipande tu. Ukizitazama kutoka Karapul, unaona kamba moja inayopita ndani ya zote.

Wenyeji walikuwa wamepita njia za namna hiyo kabla yake. Ayub Ogada, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1956 kwa wazazi Wajaluo waliokuwa wanamuziki, alikata kona nyingi kuliko hizo. Miaka ya 1970 alikuwa katika bendi ya Black Savage, kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa African Heritage Band. Kwa jina la Job Seda aliigiza katika Out of Africa, filamu ya mwaka 1985. Baadaye alihamia Uingereza, akawa anawapigia nyatiti abiria wa treni za chini ya ardhi London, hadi waandaaji wa tamasha la WOMAD walipomgundua. Mwaka 1993 albamu yake En Mana Kuoyo ilitolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel. Mwishowe alirudi Nyahera, nje kidogo ya Kisumu, na huko ndiko alikofia Februari 2019. Wimbo wake Kothbiro, wa kutangaza kwamba mvua inakuja, ulisikika tena mwaka 2005 katika The Constant Gardener, filamu iliyopigwa kwa sehemu kubwa nchini Kenya. Na miongoni mwa vijana waliokuwa wakitumwatumwa huku na kule wakati filamu hiyo ikitengenezwa alikuwamo Lupita Nyong'o, binti wa Profesa Anyang' Nyong'o ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Kisumu. Filamu moja ilibeba sauti iliyokwisha kukomaa ya mtu wa Nyahera na pia siku za mwanzo za kazi ya mtu ambaye sauti yake ingekuja kusikika duniani kote.

Kwa Lupita inafaa tukae kidogo, kwa maana yeye ndiye aliyekaribia zaidi kile ambacho Wajapani hukiita seiyuu, mwigizaji wa sauti. Mwaka 2009 aliigiza katika tamthilia ya Shuga, na mwaka huohuo akatoa In My Genes, filamu aliyoiongoza mwenyewe kuhusu Wakenya wenye ualbino. Akasomea uigizaji Yale, na Machi 2014 akapata Oscar kwa 12 Years a Slave. Aliyefika hapo angetarajiwa kuuonyesha uso wake kila mahali. Yeye alianza kuuficha. Kuanzia mwaka 2015 akawa Maz Kanata wa Star Wars, kiumbe mzee mwenye miwani mikubwa ambaye hata rangi yake si ya binadamu. Mwaka 2016 akawa sauti ya Raksha, mbwamwitu mama wa The Jungle Book, na mwaka 2024 akawa Roz, roboti la The Wild Robot, ambalo linaanza likisema kama mashine ya kuhudumia wateja na kumaliza likisema kama mzazi. Katikati ya hayo akaigiza jukwaani Broadway mwaka 2016 katika Eclipsed, akajifunza Kixhosa kwa ajili ya Black Panther, na kwa ajili ya filamu ya kutisha ya Us, ya mwaka 2019, akaunda sauti iliyokatika na kukwaruza baada ya kuchunguza ugonjwa unaoibana misuli ya koo. Mwaka huohuo wa 2019 akatoa kitabu cha watoto, Sulwe, ambalo ni neno la Kijaluo kwa nyota. Roboti, mbwamwitu na kitabu cha watoto havifanani kwa lolote, ila katika kimoja: nyuma ya kila kimoja yuko mtu aliyezoezwa kulichukua neno polepole, kulisikia, kisha kulitamka kana kwamba ndilo la kwanza. Mazoezi ya namna hiyo hayaonekani kwenye bango la filamu, lakini ndiyo yanayoishikilia kazi nzima.

Kabla ya kuwajibu wanaopinga, inafaa kupitia Japani kwenyewe, maana huko swali hili limekwisha kupata jibu la kibiashara. Mwigizaji wa sauti ambaye pia ni mwimbaji si kioja Tokyo. Megumi Hayashibara alifanya kazi zote mbili kwa miongo kadhaa. Maaya Sakamoto alianza kuigiza kwa sauti akiwa mtoto, akawa mwimbaji wa albamu, na akapanda jukwaani kama Éponine katika Les Misérables. Nana Mizuki, mwaka 2009, aliitwa kuimba kwenye Kohaku, onyesho la mkesha wa mwaka mpya ambalo Wajapani hulitazama kifamilia, na hakuna mwigizaji wa sauti aliyekuwa ameitwa hapo kabla yake. Huko kuna vyuo vya kufunza sauti, mawakala wa kutafuta kazi, na kampuni za katuni zinazojua mapema kwamba atakayemsemea mhusika ndiye atakayeimba wimbo wa kipindi. Kazi nyingi kule ni mpango wa kampuni. Huku ziwani ni mpango wa tumbo: mwimbaji huigiza kwa kuwa kuna filamu imekuja, akawa mshehereshaji kwa kuwa kuna harusi Jumamosi, akasoma matangazo ya redio kwa kuwa kodi ya nyumba haingoji mirabaha. Tukitaka kulaumu, tuilaumu hali hiyo, tusimlaumu anayejitahidi kuishi ndani yake.

Pingamizi la kwanza wote tunalijua, kwamba mshika mbili moja humponyoka. Lina uzito. Albamu alizotuachia Ogada ni chache mno kwa mtu wa kipawa kile, na si uzushi kusema kwamba miaka aliyoitumia kwenye filamu, kwenye bendi za wengine na barabarani ingeweza kutoa nyimbo nyingine. Lakini methali hiyo inamhusu mtu mwenye vitu viwili mkononi visivyohusiana. Tukimwangalia Ogada kwa makini, kitu kilikuwa kimoja. Nyatiti ndiyo iliyomwingiza WOMAD, nyatiti ndiyo iliyoupeleka wimbo wake kwenye filamu, na aliporudi Nyahera akiwa mtu mzima, nyatiti ndiyo iliyomfanya mpiga gitaa Mwingereza Trevor Warren amfuate, wakatoa albamu ya Kodhi mwaka 2015. Uchache wa rekodi zake unahusiana zaidi na mahali zilipo studio na fedha kuliko na wingi wa kazi zake. Mtu aliyekaa Nyahera na kungoja kurekodiwa na watu wa London hakukosa bidii. Alikosa jirani mwenye mashine.

Pingamizi la pili ni la desturi: kwamba nyatiti ni ya wanaume, na mwanamke anayeishika amekwisha kuvunja jambo, hata kama ana vipaji saba. Wanaolitoa husahau kwamba desturi hiyohiyo ilimpa mwanamke jukwaa lake. Dodo, nyimbo za wanawake Wajaluo, zilikuwa na wataalamu wake waliosifu, waliosuta na waliotaja majina ya wakubwa mbele ya watu. Ogoya Nengo, mwimbaji wa dodo kutoka Rang'ala, Siaya, alirekodiwa kwao akiwa tayari bibi, na albamu ya Rang'ala ikatolewa London mwaka 2014 na lebo ya Honest Jon's. Usikilizapo rekodi ile husikii mtu aliyeruhusiwa kuimba, unasikia mwenye mamlaka. Kwa hiyo kilichokatazwa hakikuwa sauti ya mwanamke bali mkao wake: kuketi na chombo katikati ya miguu, usiku, mbele ya wanaume wanywaji, mbali na nyumbani. Hayo ni mambo ya heshima ya boma na mahari, na boma lenyewe limebadilika. Suzanna Owiyo wa Nyakach ameipiga nyatiti kwenye majukwaa ya mabara kadhaa, naye ni mjukuu wa mpiga nyatiti. Labdi Ommes ameshika orutu, zeze la uzi mmoja ambalo nalo lilihesabiwa kuwa la wanaume tu. Katazo linapovunjwa na watu wanaoujua muziki wenyewe kwa undani, linabaki bila cha kulinda.

Pingamizi la tatu ndilo linaloniuma, kwa sababu lina ukweli mwingi. Wengi huuliza: kwa nini Mjapani? Msichana wa Ugunja au Yala angekwenda kwa fundi yuleyule, akakaa miezi ileile, akapiga vizuri vilevile, je, jarida gani lingemhesabu miongoni mwa watu 100 wa kuheshimiwa? Hakuna haja ya kuzungukazunguka: lisingemhesabu. Mgeni anapoingia katika sanaa ya wenyeji, yeye huwa habari, na mwenyeji hubaki kuwa mandhari. Kuna na jingine lisilosemwa sana. Ilikuwa rahisi zaidi kwa kijiji kumpa mgeni idhini kuliko kumpa binti wa hapo, kwa sababu ndoa ya mgeni, uzazi wake na sifa yake havikuwa mzigo wa ukoo wowote wa pale. Katazo liliwekwa kwa ajili ya mabinti na wakaza wana. Eriko Mukoyama hakuwa binti wala mkaza mwana. Alipita pembeni mwa ukuta ambao wengine ulikuwa mbele yao.

Hata hivyo, pingamizi hilo likifuatwa hadi mwisho, halimfikii yeye. Linazifikia njia za habari, wagawaji wa fedha na sisi wasikilizaji, tunaoamka kuthamini chombo chetu baada ya kukiona mikononi mwa mtu wa mbali. Yeye alifanya kile ambacho ningependa kila mtu afanye: alikwenda kwa mwenye ujuzi, akakubali kuwa mjinga mbele yake, na aliporudi kwao hakuificha shule yake. Jina analotumia linataja Siaya. Tumeona wangapi wamechukua mdundo wa Afrika wakautia kwenye nyimbo zao bila kumtaja hata fundi mmoja? Na kuna faida ambayo hakuikusudia. Wale waliosema kwamba mwanamke akiipiga nyatiti litamfika baya walimwona akiketi, akavaa pete, akapiga, akainuka mzima, na mzee aliyemfundisha akiwa radhi. Baada ya hapo, anayemkataza binti yake lazima atafute hoja nyingine. Wivu tulionao kwa umaarufu wake ungefanya kazi njema zaidi kama ungegeuka kuwa swali la nani atamtangaza binti wa Ugunja.

Wako pia wanaosema kwamba nyatiti ya jukwaani si nyatiti, kwamba ikitolewa matangani na kuwekwa chini ya taa za tamasha, mbele ya watu wasiojua Kijaluo, inabaki mlio tu. Nakubali kwamba kitu hupotea. Pakruok haiwezekani mahali ambapo hakuna anayemjua mwenzake. Huwezi kujisifu kwa ukoo wako mbele ya watu wasioujua. Lakini nyatiti ilitoka matangani zamani sana. Ilipanda redioni, na benga iliyokuja kuenea kuanzia mwambao huu ilichukua namna ya nyuzi zake na kuzihamishia kwenye gitaa, mpaka watu wa nchi jirani wakaicheza bila kujua mguu wenye njuga uko wapi ndani yake. Chombo ambacho kimekwisha kuzaa muziki mzima wa dansi hakiwezi kuuawa na tamasha la Tokyo.

Turudi Kisumu. Reli ilifika hapa mwaka 1901, wakati mahali pakiitwa Port Florence, na mji ulipotimiza miaka 100 mwaka 2001, Suzanna Owiyo ndiye aliyeuimba, katika wimbo Kisumu 100. Wimbo wa sherehe ya mji kwa kawaida hufa na sherehe yake. Huu ulimfungulia njia: mwaka 2004 alikuwa Oslo kwenye tamasha la Nobeli lililomuenzi Wangari Maathai, na baadaye akawa balozi mwema wa UNEP katika mambo ya mazingira. Waliomwona kama mwimbaji aliyeingilia siasa za miti hawakumsikiliza vizuri. Kwa jathum, kuwaambia watu jambo lililo mbele yao ni sehemu ya kazi yenyewe. Kwamba siku hizi jambo hilo ni msitu au ziwa badala ya jina la marehemu hakubadilishi aina ya kazi. Na Owiyo, tofauti na Eriko, hakuhitaji kusafiri ili apate mahali pa kukaa na kusikiliza. Alipata nyumbani, kwa babu yake.

Lakini si kila nyumba ina babu mwenye nyatiti, na hapa ndipo hoja yangu inapogusa mfuko. Kama ni kweli kwamba kinachomshikilia msanii wa kazi nyingi ni ule muda aliokaa mbele ya fundi, basi muda huo una gharama, na mpaka sasa umegharimiwa na wachache. Fundi anapofundisha halimi. Mwanafunzi anapokaa miezi boma la mtu anakula, anaugua, anahitaji nauli ya kwenda kuwaona wazazi. Tuna Jumba la Makumbusho la Kisumu lililofunguliwa mwaka 1980, lenye boma la Kijaluo lililojengwa kwa vipimo vyake, nyumba ya mke wa kwanza mahali pake na ghala mahali pake, na wanafunzi hupelekwa huko kuangalia. Kuangalia ni saa moja. Okumu K'Orengo alimpokea mwanafunzi aliyeweza kujilipia safari kutoka Tokyo. Msichana wa Nyakach au Seme anayetaka kukaa kwenye orindi kwa muda uleule ana shamba linalomngoja, ana karo ya wadogo zake, na jioni anatarajiwa awe amerudi nyumbani kuwasha moto.